Darubini ya kwanza ya kioo: ya miguu mitatu, ya mezani au ile kubwa ya chini?

Ukitafuta darubini ya kwanza ya kutazamia nyota, dukani au mtandaoni, utakachoonyeshwa mwanzo karibu kila mahali ni ile ya miguu mitatu: bomba jeusi, vitasa vya kuzungusha kila upande, chuma kizito kinachoning'inia pembeni, na sanduku lenye picha ya Zohali inayong'aa kama bango la sinema. Inavutia, na inafanana na darubini tulizoziona kwenye vitabu vya shule. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Kigali, mara nyingi hiyo ndiyo mbaya zaidi kati ya tatu nitakazozilinganisha hapa. Tatizo lenyewe liko zaidi kwenye stendi kuliko kwenye bomba, na linatokana na mahali tulipo duniani.

Nazungumzia darubini za kioo peke yake, zile zinazofuata muundo alioujenga Isaac Newton mwaka 1668: kioo kilichobonyea katikati kama sahani kinakaa chini ya bomba, kinakusanya mwanga, kinautupa kwenye kioo kidogo cha mshazari karibu na mdomo, nacho kinautoa ubavuni kwenye lenzi ya kuchungulia. Za lenzi zina uzuri wake, lakini kwa pesa ileile kioo hukupa kipenyo kikubwa zaidi, na kipenyo ndicho kinachoamua utaona nini.

Washindani ni hawa. Wa kwanza ni bomba la milimita 114 au 127 juu ya stendi ya ikweta yenye miguu mitatu. Wa pili ni Dobson ya mezani ya milimita 130, yaani bomba lililokaa juu ya kitako cha ubao na kusukumwa kwa mkono. Mfano unaojulikana sana ni Sky-Watcher Heritage 130P, na ile inayoitwa OneSky, inayouzwa na shirika la Astronomers Without Borders, ni karibu pacha wake. Wa tatu ni Dobson ya kukaa chini ya milimita 200, ambayo Wamarekani huiita ya inchi nane.

| | Ya miguu mitatu (127) | Ya mezani (130) | Ya chini (200) |
|---|---|---|---|
| Umbali wa fokasi (kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) | mm 1000 | mm 650 | mm 1200 |
| Mwanga, ya mezani ikiwa 1 | 0.95 | 1 | 2.4 |
| Ukuzaji kwa lenzi ya mm 25 | mara 40 | mara 26 | mara 48 |
| Ukuzaji kwa lenzi ya mm 10 | mara 100 | mara 65 | mara 120 |
| Uzito wote | kilo 8 hadi 13 | kilo 6 na kidogo | kilo 25 hivi |
| Bei ya Marekani, bila usafiri na ushuru | dola 150–250 | dola 250–300 | dola 600–750 |

Bei zinapanda na kushuka, na za huku hutegemea aliyekuletea mzigo. Zichukue kama uwiano tu.

Stendi kwanza, bomba baadaye

Stendi ya ikweta ina wazo zuri ndani yake. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nyota zote huonekana zikihama. Ukilaza mhimili mmoja wa stendi sambamba na mhimili wa Dunia, unabaki na kitasa kimoja tu cha kuzungusha ili nyota isitoroke mbele ya jicho. Ukifunga mota ndogo, hata hicho hukigusi. Ndiyo maana wapiga picha za anga hawaachani nayo.

Ila ili mhimili ulale sambamba, lazima uinuliwe kutoka kwenye upeo wa macho kwa nyuzi sawasawa na latitudo yako. London ni nyuzi 51. Mtu wa huko anauelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini na kazi imekwisha. Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini, Mombasa 4, Nairobi 1 na kitu, Kampala haifiki hata nusu. Maana yake mhimili unatakiwa uwe karibu kulala kabisa. Stendi nyingi za bei ya chini hazikutengenezwa kwa hilo: skrubu ya latitudo inafika mwisho mapema, na hata ikikubali, fimbo yenye chuma cha kusawazisha inagonga mguu wa stendi kabla hujafika unakokwenda. Uzito nao unahamia upande mmoja, na usiku ukiwa na upepo wa kusi utakuwa unashika stendi badala ya kutazama.

Tuseme umefaulu kuilaza. Unaielekeza wapi? Nyota ya Kaskazini kutoka Dar es Salaam iko chini ya upeo, haionekani. Upande wa kusini alama iliyopo ni Sigma Octantis, nyota hafifu ya daraja la 5.4 la mwangaza, ambayo hata penye giza zuri inahitaji macho makali. Kwetu iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, yaani ndani ya vumbi, ukungu na taa za jirani. Matokeo yake wengi wanaitumia stendi ya ikweta bila kuipanga, wanazungusha vitasa viwili kwa pamoja kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Hapo umelipia ugumu bila faida yake.

Msomaji wa Muscat ana hali nyingine. Yuko zaidi ya nyuzi 23 kaskazini, Nyota ya Kaskazini anaiona vizuri, na hoja yangu kwake inapoteza nusu ya nguvu. Wa Lubumbashi, karibu nyuzi 12 kusini, mhimili wake utakubali kwa urahisi kidogo kuliko wa Nairobi, lakini shida ya kukosa nyota ya kuelekezea ni ileile.

Stendi ya Dobson haijui latitudo. Inakwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi. Jina ni la John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, akawa mtawa katika monasteri ya Vedanta mjini San Francisco, na akawa anasaga vioo vyake mwenyewe kutokana na vioo chakavu vya madirisha ya meli, mabomba akiyapata kwenye makaratasi magumu ya kumwagia nguzo za zege. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la kusimamisha darubini kando ya barabara na kuwaita wapita njia waje wachungulie. Alitaka kitu ambacho seremala wa kawaida anaweza kukitengeneza kwa mbao, na mpaka leo fundi mzuri wa Keko, Dar es Salaam, akipewa vipimo atakutengenezea kitako cha plaiwudi kinachoteleza kuliko cha kiwandani.

Unasukuma bomba kwa mkono. Kwa ukuzaji wa mara 65, Mshtarii utachukua kama dakika tatu kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine wa duara unaloliona. Kwa mara 130, dakika moja na nusu. Siku ya kwanza unasukuma sana unaipoteza. Ikifika wiki, mkono unafanya wenyewe.

Dobson nayo ina doa lake, na lazima lisemwe kwa sababu linatugusa sisi kuliko Wazungu. Kitu kikiwa utosini, bomba linasimama wima, na kulizungusha kushoto au kulia ni kama kuzungusha mchi ndani ya kinu: linageuka papo hapo bila kuelekea kwingine. Na kwetu vitu vizuri hupita utosini. Nebula ya Orion, wingu la gesi angani, kwa mfano, ikiwa juu kabisa Dar es Salaam inakuwa chini ya nyuzi 2 kutoka katikati ya anga. Hapo, kwa haki, stendi ya ikweta inashinda. Dawa ya mwenye Dobson ni subira: saa moja kabla au baada, kitu hicho kimeshasogea nyuzi 15 na bomba linatii tena.

Kioo chenyewe, na ujanja wa bomba fupi

Kuna jambo muuzaji hatakuambia, pengine kwa sababu hata yeye halijui. Kwenye darubini ya Newton ya kawaida, urefu wa bomba hukaribiana na umbali wa fokasi. Sasa chukua zile za 127 zenye fokasi ya milimita 1000 kisha uangalie bomba: nusu mita tu. Iliyobaki imetoka wapi? Ndani ya sehemu ya kufokasia kumefichwa lenzi inayorefusha fokasi. Muundo huu huitwa Bird-Jones. Ukitengenezwa kwa uangalifu unafanya kazi, ila wa bei ya chini hutoa picha yenye ukungu mara tu unapokuza, na kuvipanga vioo vyake ni adhabu, kwa kuwa lenzi ile iliyofichwa inavuruga vifaa vya kupangia.

Kioo cha Heritage 130P na vya Dobson nyingi za 200 vimesagwa kwa umbo la parabola, ambalo hukusanya mwanga wote kwenye nukta moja. Vya bei ya chini husagwa kama kipande cha tufe, kwa sababu ni rahisi kiwandani. Tufe si dhambi kama fokasi ni ndefu. Darubini ya 114 yenye fokasi ya 900 na bomba la karibu mita moja ni ya heshima kabisa, na ukiipata imetumika kwa bei nzuri, chukua bomba, umpe fundi akutengenezee kitako cha Dobson. Stendi ya ikweta mpe mpiga picha.

Puuza namba ya ukuzaji kwenye sanduku. Fokasi ya 1000 ukiigawa kwa lenzi ya milimita 4 unapata mara 250; weka na kile kilenzi cha kuzidisha mara tatu, muuzaji anaandika mara 750 kwa wino mwekundu. Mpaka wa kawaida ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo 127 inaishia kwenye 250 hivi, tena siku hewa imetulia. Zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Zipo pia zile ndogo za milimita 76 zenye fokasi ya 300, za kukaa mezani kama kikombe kikubwa cha chai. Mwezi unaonekana vizuri, vishimo na vivuli vyake. Miezi minne ya Mshtarii ipo, midogo kama vumbi la sukari. Ukikuza, kila kitu kinayeyuka. Ya 130 inakusanya mwanga karibu mara tatu yake. Kwa mtoto wa miaka minane, sawa. Kwa mtu mzima anayetaka kuendelea, ni pesa ya nusu safari.

Utaona nini hasa

Mwezi, zote tatu zinakutosha mpaka macho yalowe. Pete za Zohali zinaanza kujitenga kwenye mara 30 au 40. Kwa 130 utaziona wazi pamoja na mwezi wake mkubwa, Titan. Mwaka 2025 pete zilitugeuzia ubavu zikawa kama uzi, na tangu hapo zinafunguka tena mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayenunua sasa amebahatika. Ufa mweusi unaogawa pete, ule wa Cassini, 130 huuonyesha usiku mtulivu. 200 huuonyesha bila kuombwa. Mistari miwili mikubwa ya Mshtarii hata 114 nzuri inaileta. Doa jekundu, nitasema ukweli, ni la mwenye 200 na uvumilivu.

Anga letu la kusini ndilo linalotofautisha. Omega Centauri, fungu la nyota linalopanda vizuri jioni za Mei na Juni, kwa 130 penye giza ni mpira wa unga uliochambuka kingo. Kwa 200 unga ule unavunjika punje kwa punje mpaka katikati, na mtu aliyezoea kuangalia mara moja na kupisha wengine huganda pale akasahau foleni. Nebula ya Carina nayo vilevile: 130 inaonyesha mawingu na mipasuko myeusi, 200 inaongeza mikunjo. Rijili Kantori, ambayo kwa macho ni nyota moja kali karibu na Msalaba wa Kusini, zote tatu huigawa mara mbili. Rangi usizitegemee, nebula huonekana kijivu, pengine na ukijani kidogo. Zile za kwenye sanduku ni picha zilizokusanya mwanga kwa muda mrefu.

Kuna mahali ya mezani inaishinda kubwa. Kilimia, kile ambacho wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ni kipana. Kwa lenzi ya milimita 25, ya mezani inakuonyesha karibu nyuzi mbili za anga na Kilimia chote kinaenea humo na nafasi inabaki. Ya 200 kwa lenzi hiyohiyo inaonyesha nyuzi moja tu, na inakukata Kilimia pembeni. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, Januari na Februari, ni hadithi ileile.

Halafu kuna giza. Ya 130 iliyopanda basi ikafika kijijini inaiacha mbali 200 iliyobaki kwenye ua wa Sinza chini ya taa ya barabarani. Hii si nadharia: mawingu ya nyota na nebula hufunikwa na mwanga wa mji bila kujali kioo kina ukubwa gani. Sayari na Mwezi hazijali. Kwa hiyo jiulize mapema kama wewe ni mtu wa sayari na roshani, au mtu wa kusafiri.

Kuishi nazo

Ya mezani inataka meza, na hapo ndipo wengi wanaiona mbaya bila kosa lake. Meza ya plastiki ni adui. Ukigusa tu, Zohali inacheza chakacha. Kigoda kizito cha mninga, ukuta mfupi wa baraza au kreti mbili za soda zilizofunikwa ubao vinatosha. Bomba la Heritage hukunjuka na katikati liko wazi, kwa hiyo mwanga wa jirani unaingia ubavuni. Zungushia kipande cha kaniki, kazi ya dakika tano. Sehemu yake ya kufokasia ni ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa na huwa na mchezo kidogo. Zungusha juu ya hesi zake tepu nyeupe ya mafundi bomba, inakaza.

Kubwa ya 200 hugawanyika mara mbili, bomba kilo 11 hivi na kitako kilichobaki. Si nzito kwa mtu mmoja kama anaishi chini na ana gari. Ghorofa ya tatu bila lifti ni suala lingine: wiki ya kwanza unashusha kila jioni, mwezi wa pili inakuwa stendi ya kuanikia mashati. Kioo chake kinachukua muda zaidi kupoa ukitoka nacho ndani, hasa Arusha, Nairobi, Iringa na Mbeya ambako usiku hushuka baridi. Nusu saa nje kabla ya kutazama si kuchelewa. Pwani tofauti ya joto ni ndogo, huko adui ni unyevu na chumvi, vinavyokula tabaka jembamba la alumini juu ya kioo. Funika pande zote mbili, weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na usiihifadhi karibu na dirisha la baharini. Vumbi kwenye kioo liache. Kufuta kwa kanga, hata iliyofuliwa mara mia, kunaacha mikwaruzo isiyotoka.

Zote tatu zitahitaji vioo vipangwe upya baada ya safari ya barabara ya vumbi. Elekeza kwenye nyota kali, uivuruge fokasi kidogo: ukiona miduara imezunguka kitovu kimoja, shwari, ikiwa imelalia upande, kuna skrubu nyuma ya kioo za kurekebishia. Na zote tatu zinageuza picha juu chini. Mwenye nia ya kutazama meli zikiingia Kilindini anunue darubini ya macho mawili ya 10x50, ambayo hata kwa nyota ni rafiki mzuri.

Nani achukue ipi

Anayeanza, anayeishi mjini, anayepanda daladala au ana roshani tu, achukue ya mezani ya 130. Ndilo pendekezo langu kwa watu wengi, na bakaa ya pesa inunue lenzi moja nzuri ya milimita 6 hivi, itakayompa mara 108 kwa sayari. Mwenye ua, gari na uhakika kwamba hamu haitapoa, aende moja kwa moja kwenye 200. Shule au klabu pia, kwa sababu foleni ya wanafunzi arobaini inataka kitu kizito kisichohama kila mtoto akikishika. Anayetaka kupiga picha ndefu za anga ndiye pekee ninayemwelekeza kwenye stendi ya ikweta, naye anunue ngumu iliyoandikwa wazi kwamba inashuka hadi latitudo yake, si ile ya bure inayokuja na bomba.

Kama uko Nairobi, Travelling Telescope ya Susan Murabana na mumewe Chu Owen huandaa usiku wa kutazama anga. Chungulia kwanza kwenye darubini ya mtu kabla ya kutoa yako mfukoni.

Jua ni mjadala wa peke yake, ila tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa lote kwenye ukanda unaopita Luxor, Jeddah na kaskazini ya Somalia, na kwetu Kenya na Tanzania litapatwa sehemu tu. Maana yake hakuna hata sekunde moja ya kulitazama bila chujio. Chujio ni lile linalofunika mdomo mzima wa bomba kwa mbele. Vile vikioo vyeusi vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia hupasuka kwa joto. Ukivikuta ndani ya sanduku, vivunje uvitupe.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya vitu vitatu: kibandiko cha bomba kinachoonyesha kipenyo na fokasi, bomba zima likiwa na rula pembeni, na kioo kikuu kikiangaliwa kutoka mdomoni. Kwenye kibandiko neno la parabola likiwepo ni heri. Rula itakuambia kama kuna lenzi iliyofichwa. Kwenye kioo, vumbi lisikutishe. Madoa meupe yanayofanana na ukungu wa ukutani ndiyo ya kukimbia, au ya kushushia bei mpaka gharama ya kupaka kioo upya itoke humo.